Gaju Hakujua Kurudi Nyuma

Habari ya msiba ilianza na habari ya gari.

Bénédicte alikuwa kwenye meza yake sokoni Nakivale, katika makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, akimpimia mteja unga wa muhogo kwa kopo, simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Mbarara. Mwanamke mzee akamsalimu taratibu, akaulizia watoto, akaulizia mvua, kisha akasema:

"Nyabo, gari ya mzee iko salama. Mimi nimeifunika. Usiwe na wasiwasi ya gari."

Bénédicte akaitambua sauti. Alikuwa Constance, mwenye ua kule Ruti ambako baba yake, mzee Nehemiya, alifanya kazi ya ulinzi.

"Aksanti, mama. Na mwenyewe iko wapi?"

"Ilikuwa inanguruma peke yake, tukazima."

"Mama Constance, baba iko wapi?"

Kuku walisikika wakigombana. Kisha Constance akasema, "Bambi," kama mtu anayesema pole. Akasema tena, "Bambi, mwanangu. Njoo uchukue gari. Na mzee pia."

Mkono wa Bénédicte ulikuwa bado unamimina. Unga ulishafurika kopo, ukafurika sinia, ukaanza kumwagika chini.

"Dada, unaniongezea mingi hivi juu ya nini?" mteja akauliza, akicheka. Alipomtazama usoni, akaacha kucheka.

Bénédicte akaketi juu ya gunia. Hakulia. Wazo lililomjia lilimwaibisha baadaye, hata katika maombi: alikuwa akijiuliza ni nani aliyezima lile gari, na kama alijua jinsi ya kulizima.

Baadaye alielezwa vizuri. Asubuhi ile Nehemiya aliliwasha gari kama kila siku, akaketi ndani mlango ukiwa wazi, mikono juu ya magoti. Constance alipita na ndoo ya maziwa, akadhani mzee anasikiliza injini. Alipita tena na ndoo tupu. Mara ya tatu akamgusa bega. Moyo ulikuwa umesimama, daktari akasema, bila kumsumbua mwenyewe.

*

Ili mtu aelewe gari lile, lazima kwanza aelewe ng'ombe.

Nehemiya alizaliwa katika milima ya juu ya Kivu ya Kusini, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne na mtu hujulikana kwa ng'ombe wake kabla ya kujulikana kwa jina. Alikuwa na kundi, na katika kundi hilo alikuwepo mmoja mwekundu, rangi ya udongo uliolowa, aliyeitwa Gaju kama waitwavyo ng'ombe wengi wa rangi hiyo. Nehemiya alikuwa akisema kwamba Gaju hakuwahi kurudi nyuma. Akifika penye mto, aliingia. Akifika penye ukuta, alisimama akiutazama mpaka mtu aje amgeuze kwa mkono.

Katika ukoo wao kulikuwa na desturi moja. Mzee mwenye ng'ombe akifa, kabla hajatolewa nyumbani, ng'ombe aliyempenda kuliko wote huletwa mpaka mlangoni, uso wake ukielekea ndani, ili amwone mwenyewe amelala. Asipomwona, walisema, kila jioni atamtafuta kwa kulia mpaka maziwa yakauke.

Baba yake Nehemiya alikufa wakati wa vita. Kundi lilikuwa limeshaporwa, Gaju akiwemo. Mlango ulibaki wazi na hakuna uso wa ng'ombe uliokuja kuchungulia. Wakamzika mzee upesi upesi, wakakimbia. Nehemiya aliwasimulia watoto wake jambo hilo mara chache, tena bila machozi, kama mtu anayeeleza kwamba alisahau ufunguo mahali.

Nakivale walipewa kiwanja na shamba. Shamba lilimshinda. Alikuwa akisema, "Mutu aliyezoea kutembea nyuma ya ng'ombe hajue kuinama." Mkewe, Mukamazimpaka, alilima maharage na mahindi, Nehemiya alikuwa shemasi, akafagia kanisa, akatembelea wagonjwa, akatazama ng'ombe wa watu wengine wakipita kwenda ziwani. Kisha akasikia kwamba mama mmoja Ruti, nje kidogo ya mji wa Mbarara, anatafuta mlinzi mwenye umri na mwenye kumcha Mungu. Akaenda.

Ndani ya banda la Constance ndimo lilimokuwa gari. Shangazi yake alilipata kwa Mhindi mmoja aliyeondoka zamani, na tangu siku hizo halikuwahi kutembea. Lilikuwa dogo kama kabati lililolazwa. Lilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na halikuwa na mlango ubavuni. Pua yote ya gari, pamoja na kioo chake, ndiyo ilikuwa mlango; ukivuta mpini, uso mzima ulifunguka, na usukani ukafuata. Lilitengenezwa Ulaya wakati mmoja, kwa ajili ya watu wa mijini wasio na pa kuegesha. Kuku wa Constance walikuwa wakitagia kwenye kiti chake.

"Mzee," Constance alimwambia kwa mzaha, "ukiweza kufukuza hawa kuku, gari ni yako."

Nehemiya aliwafukuza kuku. Alipofuta kinyesi na vumbi kwa konzi ya majani, rangi ikatokea chini yake. Ilikuwa nyekundu ya udongo uliolowa.

Hapo ndipo familia ilipoanza kutomwelewa.

Miaka ilipita akilihangaikia. Injini ya asili ilikuwa imeoza, kwa hiyo yeye na fundi wa jirani wakafunga injini ya pikipiki, kama zile za bodaboda. Gari likapata sauti ya bodaboda, na kama bodaboda, halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Fundi alitaka kubuni njia. Nehemiya akakataa. "Iache hivyo," alisema. "Sasa nimeitambua."

Krismasi moja akaja nalo mpaka Nakivale. Watoto walikimbia nyuma yake kutoka Rwekubo, mji mdogo ulio njiani, wakiliita yai. Mukamazimpaka alitoka nje, akaona pua ya gari ikifunguka na mumewe akitoka ndani kama sahani ya chakula cha jana.

"Hii ni nini, baba Bénédicte?"

"Ni Gaju. Ingia, nikutembeze."

"Miye siingie mu friji."

Watu walicheka mpaka mwaka mpya. Nehemiya hakukasirika. Alilizunguka gari, akalipapasa shingoni, yaani mahali ambapo shingo ingekuwa. Kisha akaondoka nalo, akarudi Ruti. Kila walipomwomba arudi nyumbani apumzike alijibu, "Gaju hajazoea njia." Bénédicte, aliyekuwa mzaliwa wake wa kwanza, alimwombea. Hakujua amwombee nini hasa. Alimwomba Mungu amfungue macho baba yake, na siku nyingine akaomba afunguliwe yeye.

*

Mwili uliletwa jioni ya siku ile ile ndani ya pikapu ya kanisa. Wanawake wa kanisa walimwosha, wakamvika suti ya ushemasi, wakamlaza katika jeneza sebuleni. Bénédicte alikuwa akishughulikia maji, kuni, mikeka na turubai. Walipomwita aje kumwona baba yake alisema anakuja, akaenda kutafuta sufuria. Walipomwita tena, akasema maharage yataungua.

Usiku Pasta Yonatani akatangaza kwamba maziko ni kesho saa tisa.

Mukamazimpaka alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea jeneza. "Hatoke mu nyumba hii mpaka Gaju amuone," alisema.

"Mama," Pasta akasema kwa upole, "marehemu alikuwa shemasi. Zile desturi tuliziacha kule juu. Siwezi kuleta ng'ombe kwenye ibada."

"Nani amesema ng'ombe?" Alikuwa Rutayisire, mdogo wake marehemu, mzee mwembamba asiyeachana na fimbo yake ya kuchungia ijapokuwa hakuwa na hata mbuzi. "Ile ni gari, Pasta. Iko na magurudumu. Magari hayakatazwe kwenye maziko."

"Gari yenye jina?"

"Na ile ya kanisa iliyomuleta marehemu, inaitwa je?"

Wote wakageuka. Juu ya kioo cha pikapu, kwa rangi ya buluu, ilikuwa imeandikwa EBENEZERI.

Pasta Yonatani akajikuna kidevu muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki na hakupenda kusema jambo asilolijua. "Nitaliombea," akasema mwishoni, na haikueleweka kama ni jambo au ni gari. "Lakini saa tisa ni saa tisa. Mvua ya siku hizi inaanza saa kumi, na kaburi liko karibu na ziwa. Likijaa maji, tutamzika Nehemiya ndani ya kisima. Mukichelewa, hatutawangojea."

"Aliniomba yeye mwenyewe," Mukamazimpaka akasema. "Mara ya mwisho alipokuja. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, 'Siku yangu ikifika, Gaju aje mulangoni. Baba yangu alikosa.' Basi. Akaomba sukari."

Akamtazama binti yake. "Utamuleta weye."

Bénédicte akataka kuuliza kwa nini yeye, na kwa nini gari, na baba alikuwa akifanya nini huko Ruti miaka yote. Akasema tu, "Ndiyo, mama."

*

Aliondoka kabla ya jua pamoja na binamu yake Elisée, dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wanne na utani usiokwisha. Walikwenda kwa pikipiki yake, ambayo ingebaki kwa Constance, maana Elisée ndiye pekee katika ukoo aliyeweza kuelewana na injini ile.

Ruti, Constance aliwapokea getini akiwa amefunga kitambaa cheusi kichwani. Gari lilikuwa katikati ya ua, limefunikwa shuka lenye maua, limewekwa mawe pembeni lisipeperuke. Lilionekana kama mtu.

"Mama, uniambie," akasema. "Baba alifanya nini hapa na gari hii?"

Constance akafikiri. "Asubuhi anaiwasha. Anaisikiliza. Halafu anaenda hospitali."

"Alikuwa anagonjwa?"

"Hapana, nyabo. Alikuwa anapeleka maziwa. Mimi nina ng'ombe. Mtu ya Nakivale akilazwa pale, yeye anampelekea maziwa."

"Maziwa gani?" Fundi wa jirani alikuwa amesimama nyuma yao, mikono imejaa grisi. "Mzee alikuwa anabeba watu. Mgonjwa akitoka hospitali hana nguvu, anampeleka mpaka kwa taksi za Rwekubo. Mmoja mmoja. Kiti ni moja tu."

"Mimi niliona maziwa," Constance akasema.

"Mimi niliona watu."

Kijakazi aliyekuwa akichota maji akacheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka. "Mzee alikuwa anakaa kwa barabara ya Kabale," akasema. "Anaegesha pale, anaangalia malori ya ng'ombe inapita. Mchana yote. Lori ikipita anatoa kofia."

Bénédicte aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wakizungumza juu ya watu watatu, na yeye hakumfahamu hata mmoja kati ya hao. Baba yake alipokuja nyumbani aliongea juu ya hali ya hewa na bei ya chumvi.

"Sasa kweli ni ipi?"

"Kweli ni kwamba saa inakwenda, yaya," Elisée akasema, kama mtu amwitavyo dada yake mkubwa. Alikuwa ameshaondoa shuka na kufungua pua ya gari. "Ingia. Pole pole na kichwa."

Alipogusa swichi, injini ikawaka mara moja. Jambo hilo lilimkasirisha Bénédicte. Alitegemea likatae kidogo, likohoe, lioneshe kwamba limefiwa. Likanguruma kama siku nyingine yoyote.

Constance aliweka mkono juu ya paa. "Mzee alikuwa anasema, usiweke uso yake kwa ukuta. Mlango haitafunguka, na nyuma haiendi. Siku moja alijifungia kwa ukuta ya soko. Watu wakamvuta na mkia, yeye ndani anaimba nyimbo za Mungu."

"Nimesikia, mama," Elisée akasema. Ni kweli alisikia.

*

Walikaa mabega yakibanana. Kiti kilinuka petroli na maziwa. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimechomekwa pembeni, kurasa zimevimba kwa unyevu.

"Yaya, sogea kidogo, nipate gia."

"Nisogee fasi gani? Nikisogea, nitakuwa nje."

"Basi pumua kwa zamu. Ukivuta weye, miye natoa."

Bénédicte akacheka, kisha akajishika mdomo.

Waliuvuka mji wa Mbarara, wakashika njia ya Isingiro. Milimani gari lilipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Malori ya matoke yaliwapita yakipiga honi, na kila honi ilikuwa kubwa kuliko wao. Penye kizuizi cha polisi askari mmoja aliwasimamisha, akainama, akatafuta mlango kushoto, akatafuta kulia.

"Hii kitu inafunguka wapi?"

"Mbele, afande," Elisée akasema. "Umesimama mulangoni."

Askari akaruka nyuma. Kisha akalitazama gari vizuri. "Hii si ya mzee wa Ruti? Mwenyewe iko wapi?"

"Tunamuzika leo, afande."

Askari akavua kofia. Jua likampiga kipara. "Alikuwa ananiombea," akasema. "Kila akipita. Mimi ni Mwislamu, nilimwambia. Akasema haidhuru, yeye ndiye anaomba, mimi nisimame tu." Akavuta kizuizi. "Endeni. Endeni haraka."

Bénédicte akaongeza hilo juu ya maziwa, wagonjwa na malori, na bado hakupata mtu mmoja.

Mbele kidogo injini ikapata moto kupita kiasi, ikabidi wangoje, na hivyo hivyo kila kilima kilichofuata. Elisée aliipepea kwa kitabu cha nyimbo mpaka Bénédicte akamnyang'anya. Walipofika Rwekubo, mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, meusi chini na meupe juu. Saa tisa ilikuwa imekaribia kabisa.

Hapo jambo lingine likatokea. Mwanamke mmoja muuza nyanya alinyanyuka kibandani akapunga mikono yote miwili. "Muzee Nehemiya! Muzee, umekuya!" Mwingine akapunga upande wa pili. Watoto wakaanza kukimbia. Habari ilikuwa bado haijawafikia. Waliona gari, wakamwona mtu wao. Bénédicte akainua mkono, akawapungia. Alipunga mpaka vibanda vikaisha. Kwa nini alifanya hivyo, hakujua.

*

Saa tisa ilikuwa imepita walipoingia njia ya nyumbani. Watu walikuwa wameshasimama chini ya turubai. Wachimba kaburi waliegemea majembe yao wakitazama mbingu. Pasta Yonatani alikuwa sebuleni na wanaume wa kubeba, mikono ikiwa juu ya jeneza, akisubiri kutamka neno la mwisho. Kifuniko kilikuwa kimefunguliwa upande wa kichwa, kwa ajili ya wale wa kuaga.

"Ngoja!" sauti ya Rutayisire ikalia nje. "Gaju huyu! Gaju amefika!"

Mzee yule alikimbia kama kijana. Akasimama mbele ya gari, akanyoosha fimbo, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyumbani, akiliongoza kama alivyowaongoza ng'ombe wa baba yake. Alitoa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo wafugaji huitoa wakati wa kunywesha maji. Watu wakafungua njia. Wazee wa milimani waliokuwa hapo wakaidaka sauti ile, wakaitikia.

"Mbele!" Rutayisire akasema. "Mbele! Uso mulangoni!"

"Baba mudogo, panatosha," Elisée akasema kupitia dirishani.

"Uso mulangoni! Aone ndani! Mbele!"

Wote wakasema mbele. Nani angebisha? Hata Elisée, aliyesikia maneno ya Constance kwa masikio yake, alikuwa mjukuu wa wafugaji. Alijua ng'ombe huletwa mpaka wapi. Akaachia klachi. Gaju akasogea taratibu, akapita kati ya nguzo mbili za baraza, pua ikaingia katika mlango wa nyumba. Fremu ya mbao ikalia kidogo. Kisha gari likakwama, kama kizibo katika chupa.

Sauti ya wazee ikanyamaza.

Ndani, Pasta Yonatani akatazama pua ya gari, akatazama jeneza, akauliza, "Sasa marehemu atapita wapi?"

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja.

Elisée akagusa gia, akakumbuka. "Yaya," akasema kwa sauti ndogo, "hairudi nyuma."

"Basi fungua mulango, tutoke."

"Mulango ndiyo huo. Umeziba mulango."

Nje mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mwingine akacheka. Fundi mmoja akasema tukate fremu. Mwingine akasema tumngoje dereva mkubwa. Mtu akauliza kama dereva mkubwa ndiye aliye ndani ya jeneza, na wote wakaanza kusema pamoja. Elisée akazima injini.

Bénédicte akainua macho. Mbele yake, upande wa pili wa kioo, karibu kiasi kwamba pumzi yake mwenyewe ilikitia ukungu, alikuwa baba yake. Alikuwa amelala katika suti ya ushemasi. Kola ilikuwa kubwa kuliko shingo. Hapakuwa na sufuria ya kutafuta, wala maharage ya kuungua, wala njia ya kutoka. Akamtazama. Akafuta kioo kwa kiganja, akamtazama tena. Alikuwa na maswali aliyoyabeba kutoka Ruti, akayatafuta, akayakuta yametawanyika. Akasema tu, "Baba, tumemuleta."

Mukamazimpaka akainuka kutoka sakafuni. Aliweka mkono wake juu ya pua ya gari, katikati, kwenye paji la uso. "Gaju," akasema, "muangalie. Amelala. Usimutafute tena." Aliuacha mkono hapo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Pasta akamsogelea amshike, akidhani ni kilio. Haikuwa kilio.

"Miye nilikatala kuingia mu friji," akasema, akijikaza, machozi yakimtoka. "Sasa friji imeingia mu nyumba yangu!"

Kicheko kilianza kwa wanaume wa kubeba, kikatoka dirishani, kikashika turubai nzima. Pasta Yonatani alikigomea kwa muda, kisha akageukia ukuta. Ndani ya gari Elisée alilala juu ya usukani. Bénédicte alicheka akiwa ameweka paji la uso kwenye kioo, na katikati ya kicheko ndipo kilio kilipomjia, kile ambacho hakikuja sokoni. Watu hawakujua kama waendelee kucheka au waanze kulia pamoja naye, basi wakafanya yote mawili.

Vijana wakashika mkia wa gari. Rutayisire akahesabu. Wakaliinua gurudumu la nyuma, wakavuta, na Gaju, kama siku ile ya ukuta wa soko, akarudi nyuma. Kipande cha fremu kilitoka naye. Wakamgeuza kwa mikono, wakamweka kando ya njia, uso ukielekea barabarani.

*

Jeneza lilitolewa likiongozwa na wimbo. Elisée alikuwa mmoja wa wabebaji. Bénédicte alitembea nyuma ya jeneza akimshika mama yake mkono, na Rutayisire alikuwa mbele na fimbo.

Kaburi lilikuwa na maji kidogo chini. Wachimbaji wakayafunika kwa majani. Pasta Yonatani alisoma maneno ya malisho na maji ya utulivu, akasema kwamba Nehemiya alizaliwa milimani, aliishi ugenini, alimpenda Bwana na mke wake mmoja. Akasema kwamba yeye Pasta hakujua yote Nehemiya aliyoyafanya. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mukamazimpaka akatupa udongo, kisha Bénédicte, kisha wengine wote kwa zamu. Mvua ilianza walipokuwa wakisimamisha msalaba. Wanaume walimalizia kujaza kaburi ndani ya mvua, Pasta akasema amina, na watu wakarudi nyumbani kwa miguu.